Kitufe cha Utani

Mfuko wa kwanza ulijaa bila maneno, na hilo peke yake lilimtia Digna Mapunda wasiwasi, maana Mzee Severini Kikoti hakuwa mtu wa kukaa nusu saa bila maneno.

Alikuwa ameegemezwa kitandani katikati ya chumba cha upasuaji, mkono wa kushoto ukitoa damu, mkono wa kulia ukiingiza maji. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, na ukungu wa Iringa ulikuwa bado umeng'ang'ania madirishani. Pembeni ya kitanda mfuko wake wa damu ulikuwa ukiyumbishwa taratibu na kile kitikisio, huku na huku, ili damu isigande. Mzee aliutazama kwa muda mrefu.

"Mtani," akasema hatimaye. "Mimi nimegema ulanzi kwenye mianzi yangu miaka arobaini. Mtu akiuchanganya ulanzi wangu na maji, namfukuza kilabuni mbele ya wateja. Leo nimelala chali, Mngoni ananichanganya maji mimi mwenyewe, na karatasi nimetia sahihi kwa mkono wangu!"

"Tulia basi," Digna akamjibu. "Lini umeona ulanzi unaongea?"

Mzee akacheka. Kicheko chake kilianzia mabegani, kikashuka tumboni, ndipo kikatoka mdomoni, na Digna akapumua kidogo.

Asiyejua mambo haya angedhani wanagombana. Digna alikuwa Mngoni wa Songea, mtaalamu wa usingizi, miaka kumi na miwili kazini. Kikoti alikuwa Mhehe wa Kilolo. Mababu zao walipigana mikuki mpaka wakachoka, na walipochoka wakawaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana kwa raha zao, bila mtu kununa. Jumatatu, siku walipokutana mara ya kwanza kwa ajili ya maswali, mzee hata hakukaa kwenye kiti kabla hajauliza Wangoni waliotembea kwa miguu kutoka kusini huko wakila panya njiani wamejifunza lini habari za moyo. Digna akamwambia asijali, ila walinzi wa geti wameshafunga mbwa wao ndani wasije wakaliwa, tangu waliposikia Mhehe analazwa. Wodi nzima ilicheka siku ile.

"Mfuko wa kwanza umekamilika," ikasema Mizani, mashine iliyosimamia hesabu zote za chumba kile, kwa ile sauti yake ya mama mpole. "Wingi wa damu, kumi na moja nukta tatu. Moyo uko ndani ya kiwango."

Digna akaunganisha mfuko wa pili.

Tangu ile Homa ya Mifuko, iliyoenezwa na damu ya kuongezewa, ipite nchini, Digna akiwa bado shule ya msingi, sheria ilikuwa moja: damu ya mtu haiingii kwa mtu mwingine, hata wawe mapacha. Kwa hiyo anayepasuliwa huchotwa damu yake mwenyewe asubuhi ile ile, na maji ya badala hujaza nafasi yake. Akikatwa, kinachovuja ni damu nyepesi, na kazi ikiisha hurudishiwa ile nzito yake. Ni mpango mzuri. Tatizo ni kwamba mzigo wote unaangukia moyo. Damu iliyochujuka hubeba hewa kidogo, hivyo moyo lazima uizungushe mara nyingi zaidi. Moyo mzima huweza. Hujaa zaidi, husukuma zaidi, wala haulalamiki. Lakini moyo wenye mishipa iliyobana hufika mahali ukashindwa, kwa sababu na wenyewe unalishwa na damu hiyo hiyo iliyotiwa maji.

Mahali hapo pa kushindwa ndipo Mizani ilipotengenezwa kupajua. Ilichukua umri, uzito, picha ya moyo na kila kauli ya mgonjwa, ikapiga hesabu, ikasema mifuko mingapi. Kwa Mzee Kikoti ilisema minne, na pungufu ya minne haingeruhusu kisu kiguse ngozi, kwa kuwa uvimbe uliokuwa kwenye figo yake ulijulikana kwa kuvuja. Jopo la madaktari lilikuwa limempa miezi minne kama hautatolewa. Na mgonjwa haruhusiwi kulazwa usingizi mpaka mfuko wa mwisho ujae, maana hakuna kipimo kinachouwahi mdomo wa mwenyewe.

Mfuko wa pili ukajaa. Tisa nukta sita. Mapigo yalikuwa yamepanda kutoka sabini na nane hadi tisini na sita, na hiyo ni kawaida kabisa.

Kwenye mfuko wa tatu mambo yakabadilika.

Halikuwa jambo kubwa. Mstari wa moyo kwenye kioo, pale unapopaswa kutulia sawa baada ya kila mruko, ulikuwa umeinama. Umeinama kidogo tu, mtu mwingine asingeuona. Digna akauangalia, akaangalia pembeni, akauangalia tena. Mapigo mia moja na kumi na mbili.

"Mizani, huo mstari vipi?"

"Mstari uko ndani ya kiwango kwa moyo usio na dalili," ikajibu Mizani. "Endelea."

Kwa moyo usio na dalili! Hapo ndipo Jumatatu ilipomrudia Digna.

Siku hiyo, baada ya habari za panya na mbwa, alimsomea mzee maswali yake moja moja. Alipofika kwenye swali la moyo, Mzee Kikoti alijishika kifua kama mtu wa maigizo.

"Moyo? Huo ulishakufa tangu mwaka juzi, mtani wangu. Kila nikipanda mlimani kwenye mianzi yangu, unasimama kwanza kuwasalimia marehemu babu zangu, wakishaitikia unaendelea."

Digna alicheka mpaka akafuta machozi. "Umesimama kwa hasira tu. Wahehe hata mioyo yenu hununa."

Na Mizani, iliyokuwa ikisikiliza kama inavyosikiliza kila kitu, ikawasha vitufe viwili, ikauliza: *Kauli hii ni dalili au utani?*

Kitufe hicho cha pili kina historia yake. Toleo la kwanza la Mizani lilikuwa na kitufe kimoja, cha dalili, na katika mwezi mmoja lilisimamisha operesheni kumi na moja kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiwaambia manesi watani wao kwamba wamekufa tangu juzi, wanasubiri kuzikwa tu. Waliolitengeneza walikuwa watu wa mbali. Wakaja, wakakaa wodini wiki mbili, wakaandika, wakashangaa, wakaondoka, na toleo lililofuata likaja na kitufe cha utani. Ukikibonyeza, kauli inaondoka kwenye hesabu kana kwamba haikusemwa. Watu walikifurahia sana kitufe kile, wakasema jamani, safari hii tumesikilizwa.

Jumatatu Digna alikibonyeza huku bado anacheka. Laiti angebonyeza kile kingine, mzee angekimbizwa kwenye mkanda wa mazoezi siku ile ile na kila kitu kingeonekana. Lakini hakukimbizwa. Alipimwa amelala, na moyo uliolala chini ni nadra kusema siri zake. Mzaha mzaha hutunga usaha, wahenga walisema, na Digna alikuwa akiuona usaha wenyewe ukiinama kwenye kioo.

Mlango ukafunguliwa kwa bega. Dakta Ambakisye, daktari wa upasuaji, akaingia akiwa ameshanawa, mikono yake juu, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Sista Digna, tunaendaje?"

"Mfuko wa tatu, daktari. Uko nusu."

"Mzee, unaendeleaje huko?"

"Nauzwa rejareja, daktari," akasema Mzee Kikoti. Lakini sauti ilikuwa imepungua, na safari hii mabega hayakucheza. Uso wake ulikuwa umepauka, na juu ya mdomo kulikuwa na jasho, kwenye chumba ambacho Digna mwenyewe alikuwa amevaa sweta chini ya gauni.

"Mtani, unajisikiaje?" Digna akauliza.

"Kama mfalme. Mfalme wenu Wangoni, yule aliyekimbia."

"Kifua je?"

"Kipo. Hakijaombwa mahari bado."

Hapo Digna akaelewa kwamba kwa njia hii hatapata kitu mpaka kesho. Angeuliza mara mia, angechekeshwa mara mia. Utani ulikuwa mlango ambao wote wawili walijifungia ndani, naye hakuwa na ufunguo ila mmoja. Aliuogopa, kwa kuwa Mizani ilikuwa inasikiliza, na Mizani haizimwi mgonjwa akiwa ameunganishwa. Lakini kutojua kulikuwa kumemshinda.

Akazunguka kitanda, akasimama mahali ambapo mzee angemwona vizuri. Akashusha barakoa. Akainamisha kichwa na kupiga goti kidogo, kama alivyofundishwa nyumbani kwao.

"Shikamoo, mzee."

Tangu Jumatatu hakuwa amemwamkia hata mara moja. Mtani haamkiwi. Ukimwamkia mtani umemwambia kwamba mchezo umekwisha na unaona mvi zake.

Mzee Kikoti akageuza shingo, akamtazama. Dakta Ambakisye naye akageuka kuangalia kuna nini.

"Marahaba, mwanangu," akasema polepole.

"Jumatatu ulisema moyo unasimama ukipanda mlima. Nakuuliza kama ningemuuliza baba yangu mzazi."

Mzee akafumba macho.

"Tangu mvua za mwaka juzi," akasema. "Napanda asubuhi na mbeta zangu za kukingia ulanzi. Nikifika kwenye lile jiwe la katikati, kifua kinabana, kama mtu amenikalia. Mkono huu unakufa ganzi. Naketi. Nikishaketi kinaachia, nikiinuka kinarudi. Mke wangu anadhani nimekuwa mvivu." Akafumbua macho. "Nilikwambia, mwanangu. Nilikwambia kwa mdomo wangu mwenyewe ili nisiwe nimesema uongo. Nilijua ukinisikia kama nesi utanirudisha nyumbani, na ukinisikia kama mtani utacheka. Basi nikamwambia mtani."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi kinabana."

"Kauli imepokelewa," ikasema Mizani. Pampu ikasimama. Kwenye kioo vikatokea vile vitufe viwili, kimoja chekundu, cha dalili, na kimoja cha kijani, cha utani. "Kauli hii ni dalili au utani? Una sekunde sitini. Usipojibu, itaandikwa kuwa dalili."

Digna akanyanyua kidole kuelekea kwenye kioo.

"Sista," akasema Dakta Ambakisye, taratibu, "mimi nina maji masikioni. Sijasikia kitu."

"Daktari..."

"Ngoja nikwambie unachokijua. Ukibonyeza dalili, damu inarudishwa yote na faili linafungwa. Silifungui mimi, halifungui mganga mkuu. Anaingia foleni ya moyo, na foleni ya moyo leo ni miezi kumi. Uvimbe haumpi miezi kumi. Nipe mfuko mmoja na nusu uliobaki, nipe dakika arobaini na tano."

"Moyo wake hauna dakika arobaini na tano."

"Unajua hivyo?"

Digna akautazama mstari. Ulikuwa umeinama zaidi. "Sijui," akasema, na ulikuwa ukweli wa Mungu. Mioyo mingine huinama hivyo na kufika salama. Mingine haifiki.

Sekunde arobaini na moja.

"Bonyeza utani, mtani," akasema Mzee Kikoti. Alikuwa amerudi kwenye lile jina, kwa makusudi. "Mama yangu alikufa kwa uvimbe huu huu. Alipiga kelele siku kumi na tisa. Mimi ndiye niliyekuwa namshika miguu. Nikifia hapa nimefia usingizini, sijui kitu. Utakuja msibani kwangu, utafanya fujo zako za mtani, utalala kwenye kaburi langu udai jogoo ndipo uondoke, na watu watacheka huku wanalia. Hicho ni kifo cha mtu. Nimechagua mwenyewe, nina akili zangu."

"Mzee, usinifanyie hivi."

"Kwani nimekuomba nini? Ni kitufe kile kile. Jumatatu hakikukushinda."

Yalimchoma maneno hayo. Sekunde ishirini na nane. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, na kilikuwa kinataka kushuka, wallahi kilikuwa kinataka. Mgonjwa ameomba. Daktari ameziba masikio. Huruma nayo ilikuwa inasema bonyeza, mpe mzee nafasi yake. Na zaidi ya hayo, akibonyeza utani, kauli ya Jumatatu ingebaki imelala ilipolala. Hakuna ambaye angeuliza nani aliicheka dalili ya moyo na kuifuta. Leseni yake ingebaki, kazi ingebaki, na watoto wawili wa dada yake aliokuwa akiwalea wasingejua kitu.

Hapo akajishtukia. Akajaribu kuitenganisha ile huruma ya mzee na ile hofu yake mwenyewe, ajue ipi ndiyo inayosukuma kidole, akashindwa. Zilikuwa zimeshachanganyika. Akajiuliza: kama ningekuwa sina cha kupoteza, ningebonyeza kipi?

Sekunde kumi na nne. Kwenye kioo moyo ukaruka mara mbili pasipo mpango, mapigo mawili ya ovyo, kisha ukajikusanya. Mzee akauma meno.

Digna akabonyeza dalili.

"Asante," ikasema Mizani. "Urejeshaji unaanza. Faili la upasuaji limefungwa. Kauli ya Jumatatu imefunguliwa upya kwa uchunguzi. Mhusika, Mapunda, D."

Pampu ikageuza mwelekeo. Dakta Ambakisye akasimama kidogo na mikono yake juu, kisha akaishusha, taratibu, akaiacha ining'inie ubavuni mwake. Daktari wa upasuaji akishusha mikono namna ile hakuna kazi tena. Akageuka, akatoka. Mlango ukapigapiga nyuma yake mpaka ukatulia.

Wakabaki wawili, na damu ikirudi.

Ilirudi kwa dakika nyingi, nyekundu nzito, ikishuka kwenye mrija hadi mkononi mwa mwenyewe. Digna alisimama akihesabu kwa sauti ya chini, ingawa mashine ilikuwa inahesabu. Mapigo yakashuka mia moja na tano, tisini na nane, tisini na moja. Mstari ukaanza kujiinua. Rangi ikamrudia mzee kwenye midomo kwanza, kisha mashavuni. Alikuwa mzima. Mtu angepita dirishani angedhani ni mzee wa watu amepumzika.

"Kifua?" Digna akauliza.

"Kimeachia."

"Nitakwenda mwenyewe kwenye foleni ya moyo. Nitapiga kelele pale, nitalala mlangoni. Nitawaambia kosa ni langu, wakuweke mbele. Lazima kuna njia." Alisikia anavyoongea haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa, na hakuweza kujizuia. "Hata wakinifukuza kazi, nitakwenda. Unanisikia?"

Mzee Kikoti alikuwa akitazama dari. Mfuko wa mwisho ulikuwa umebakiza vidole viwili.

"Mtani," akasema.

"Abee."

"Umeniua."

Vitufe viwili vikawaka. "Kauli hii ni dalili au utani?" ikauliza Mizani. "Una sekunde sitini."

Digna akamtazama mabegani, pale kicheko chake kinapoanzia. Akasubiri. Alikuwa tayari kutukanwa panya, kutukanwa ukoo mzima mpaka kwa babu wa mababu, tena angeshukuru. Mabega hayakutikisika. Mzee akageuza uso, akauelekeza ukutani.

Digna akapiga goti, safari hii mpaka chini kabisa, akaishika ile nondo ya kitanda.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Sekunde zilihesabika kwenye kioo, na alizisikia zote. Marahaba haikuja. Zilipoisha, Mizani, kwa kuwa hakuna aliyeijibu, ikaandika yenyewe kwamba ni dalili.